Mageuko Ndani ya Tumbo la Mwanadamu

Mwanafunzi wa sekondari anapotajiwa neno mageuko, aghalabu mawazo yake humpeleka mbali: kwenye mafuvu ya Bonde la Olduvai, kwenye shingo ya twiga, au kwenye ndege wa visiwa vya Galapagos aliowachunguza Charles Darwin. Huyaona mageuko kuwa jambo lililotendeka zamani, lililochukua mamilioni ya miaka, na ambalo hakuna mtu awezaye kulishuhudia. Dhana hiyo si sahihi. Mageuko yanatendeka sasa hivi, na mojawapo ya mahali yanapotendeka kwa kasi kubwa ni ndani ya tumbo la mwanadamu; yamkini ndani ya tumbo la msomaji wa makala hii.

Anayegeuka humo si mwanadamu mwenyewe bali mpangaji wake, bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Inakadiriwa kwamba takriban nusu ya watu wote duniani wanaye. Wengi humpata utotoni, hasa kutoka kwa watu wa nyumba yao, na asipotibiwa mtu huweza kuishi naye hadi kufa. Walio wengi hawaoni dalili yoyote. Lakini kwa baadhi ya watu bakteria huyu huleta vidonda vya tumbo, na kwa wachache huleta saratani. Katika makala hii tutaeleza jinsi anavyobadilika akiwa ndani ya mtu mmoja, na kwa nini mabadiliko hayo yanamhusu kila mgonjwa anayekabidhiwa dawa hospitalini.

Jinsi alivyogunduliwa

Kwa muda mrefu madaktari waliamini kwamba hakuna kijidudu kiwezacho kustawi tumboni kwa sababu ya ukali wa asidi yake. Vidonda vya tumbo vilisemwa kuwa vinaletwa na mawazo mengi, pilipili na asidi iliyozidi, na hata leo maelezo hayo husikika katika mazungumzo ya watu. Mwaka 1979 Robin Warren, mtaalamu wa patholojia katika mji wa Perth, Australia, aliona kwa hadubini bakteria waliojipinda katika vipande vidogo vya nyama vilivyochukuliwa kutoka matumbo ya wagonjwa. Mwaka 1981 alishirikiana naye daktari kijana, Barry Marshall. Walijaribu mara nyingi kuwaotesha bakteria hao katika maabara bila kufanikiwa, kwani sahani za kuoteshea zilikuwa zikitupwa baada ya siku mbili. Wakati wa sikukuu ya Pasaka ya mwaka 1982 sahani ziliachwa kwa siku tano, na watu waliporudi kazini wakakuta bakteria wameota. Kumbe kiumbe huyu hukua polepole, naye alihitaji subira tu.

Mwaka 1984 Marshall, baada ya kupimwa na kuonekana kwamba tumbo lake lilikuwa zima, alikunywa maji yenye bakteria hao. Siku chache baadaye alianza kutapika, na kipimo cha siku ya kumi kilionyesha tumbo limevimba na bakteria wamejaa. Jaribio hilo la mtu mmoja lilionyesha kwamba bakteria wanaweza kulidhuru tumbo lililokuwa zima. Majaribio mengine yaliyofuata yakathibitisha kwamba mgonjwa wa vidonda akitibiwa bakteria hao, vidonda hupona na aghalabu havirudi. Mwaka 1994 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani ulimweka bakteria huyu katika orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu, na mwaka 2005 Warren na Marshall walipewa Tuzo ya Nobel.

Makao yake

Ili kuyaelewa mageuko ya kiumbe chochote hapana budi kwanza kuyafahamu mazingira yake. Tumbo hutoa asidi ya haidrokloriki ambayo huua karibu vijidudu vyote tunavyovimeza pamoja na chakula. Ukuta wa tumbo wenyewe hulindwa na tabaka la ute mzito. Asidi ni kali sana katikati ya tumbo, lakini kadiri tunavyoukaribia ukuta, ndani ya ute, ndivyo ukali wake unavyopungua.

Bakteria wetu ana silaha mbili za kufikia mahali hapo pa salama. Ya kwanza ni kimeng'enya kiitwacho ureasi, ambacho huivunja urea na kutoa amonia na kabonidioksidi. Amonia ni besi. Huipoza asidi inayomzunguka bakteria, naye akawa kama mtu anayetembea mvuani chini ya mwavuli wake. Silaha ya pili ni umbo lake lililojipinda kama kizibuo, pamoja na mikia membamba inayomsukuma. Kwa hiyo huweza kuupenya ute na kuogelea kuelekea ukutani, akiongozwa na uwezo wake wa kutambua kemikali zilizomzunguka.

Makosa ya kunakili

Kila bakteria anapogawanyika hunakili maandishi yake ya urithi, yaani DNA, ambayo huandikwa kwa herufi nne tu: A, T, G na C. Mwaka 1997 wanasayansi walifaulu kuyasoma maandishi yote ya bakteria mmoja wa aina hii, wakakuta yana herufi 1,667,867. Jambo moja liliwashangaza. Viumbe wengi wana vifaa vya kukagua nakala na kusahihisha makosa, lakini bakteria huyu amekosa baadhi ya vifaa hivyo. Ni sawa na ofisi yenye mpiga chapa hodari lakini isiyo na msahihishaji.

Matokeo yake yamepimwa. Watafiti walichukua bakteria kutoka kwa watu wale wale katika nyakati mbalimbali, na kutoka kwa jamaa wa familia moja, kisha wakalinganisha DNA zao. Walikuta kwamba kwa mwaka mmoja hubadilika takriban herufi moja hadi mbili katika kila herufi 100,000. Mwanafunzi anaweza kupiga hesabu mwenyewe: kwa bakteria mwenye herufi zipatazo milioni 1.67, mabadiliko hayo ni kati ya 17 na 33 kwa mwaka. Mtu aliyeambukizwa akiwa na umri wa miaka 5, akifika miaka 35, bakteria wa ukoo mmoja tumboni mwake watakuwa wamebadilika herufi 500 hadi 1,000. Tulinganishe na binadamu: mtoto anayezaliwa huwa na mabadiliko mapya yapatayo 60 au 70 tu katika herufi bilioni sita alizorithi kwa baba na mama.

Yafaa tukumbuke kwamba makosa haya hayana nia wala mwelekeo. Mengi hayana athari yoyote. Mengine humdhuru bakteria mwenyewe, naye hufa bila kuacha uzao. Ni machache tu yanayomfaa. Lakini hayo machache ndiyo yanayobaki, kwa sababu mwenyewe huzaa zaidi kuliko wenzake. Huu ndio uteuzi wa asili, ule ule unaofundishwa darasani kwa mifano ya wanyama na ndege.

Herufi zinazoteleza

Kuna sehemu za DNA ya bakteria huyu ambazo makosa hutokea mara nyingi kupita kiasi. Ni zile zenye herufi zinazojirudia, kama CTCTCTCT. Wakati wa kunakili ni rahisi kuteleza na kuongeza au kupunguza CT moja, kama vile mtu anayehesabu fito nyingi zinazofanana anavyoweza kupoteza hesabu.

Kosa dogo namna hiyo lina athari kubwa, kwa sababu seli huzisoma herufi tatu tatu. Tuchukue mfano wa sentensi ya Kiswahili yenye maneno ya herufi tatu tatu:

MTU AJE ALE YAI

Tukiifuta herufi E ya neno la pili, na tukaendelea kusoma herufi tatu tatu, tutapata:

MTU AJA LEY AI

Kuanzia pale herufi ilipofutwa maana imevurugika. Vivyo hivyo jeni iliyoteleza huacha kutoa protini yake. Lakini katika kizazi kingine huenda mtelezo wa pili ukairudisha herufi iliyopotea, na jeni ikafanya kazi tena. Kwa njia hiyo jeni hizi hufanana na swichi ya taa inayozimwa na kuwashwa, na katika kundi kubwa la bakteria daima watakuwepo wachache wenye swichi iliyo kinyume na wenzao.

Mojawapo ya jeni zenye swichi ni ile inayotengeneza protini iitwayo SabA, ambayo bakteria huitumia kujishikiza kwenye sukari maalumu zinazojitokeza juu ya ukuta wa tumbo uliovimba. Kujishikiza kuna faida, kwani bakteria hasombwi pamoja na chakula na ute. Lakini kuna hatari pia: chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili, huweza kumnasa kwa protini hiyo hiyo. Basi leo inafaa kushika, kesho inafaa kuachia. Kundi lenye bakteria wa namna zote mbili haliwezi kumalizwa kwa urahisi.

Kuokota jeni za wengine

Kama makosa ya kunakili yangekuwa njia pekee ya kubadilika, habari ingeishia hapo. Lakini bakteria huyu ana uwezo mwingine: huweza kuvuta vipande vya DNA vilivyoachwa na bakteria wenzake waliokufa na kuviingiza katika maandishi yake mwenyewe. Vipande hivyo aghalabu ni vifupi, vya herufi zipatazo 400. Mtu anapokuwa na koo mbili za bakteria hawa tumboni, koo hizo huanza kuchanganyika kipande kwa kipande. Badiliko jema lililozuka katika ukoo mmoja huweza kuhamia ukoo wa pili bila kungojea kuzuka upya.

Mwaka 2001 ilichapishwa taarifa ya mgonjwa mmoja wa Marekani ambaye bakteria wake walichukuliwa tena miaka sita baada ya mara ya kwanza. Bakteria wote wa mara ya pili walitambulika kuwa jamaa wa wale wa awali, lakini walitofautiana wao kwa wao katika jeni walizokuwa nazo. Kwa hiyo ndani ya mtu mmoja hakuna bakteria wa namna moja. Kuna kabila zima lenye matawi mengi.

Visiwa ndani ya tumbo

Kwa nini matawi hayo yasishindane hadi likabaki moja? Jibu limo katika umbo la tumbo lenyewe. Ukuta wake una vishimo vidogo visivyohesabika vinavyoelekea kwenye tezi. Bakteria walio katika ute husombwa daima, lakini waliojificha ndani ya tezi hubaki na kuzaana. Uchunguzi wa panya uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba tezi moja hujazwa na uzao wa bakteria mmoja au wachache waliotangulia kuingia, na wanaokuja baadaye hupata shida kuwaondoa.

Tezi hizi basi ni kama visiwa. Wasomaji wa pwani wanawajua popo wakubwa wa Pemba, ambao hawapatikani kokote kwingine duniani. Bahari imewatenga na jamaa zao, nao wakafuata njia yao. Ndani ya tumbo bahari hiyo ni ute na asidi. Zaidi ya hayo, sehemu za tumbo hazifanani: sehemu ya juu ndiyo yenye tezi nyingi zinazotoa asidi, na sehemu ya chini iliyo karibu na utumbo haina tezi hizo kwa wingi. Mwaka huo huo wa 2019 watafiti waliolinganisha bakteria wa sehemu mbalimbali za matumbo ya wagonjwa walikuta kwamba mara nyingi kila sehemu ina tawi lake, na kwamba miongoni mwa jeni zilizotofautiana ni zile za kuogelea na kuongozwa na kemikali, pamoja na zile za ngozi ya nje ya bakteria. Hizo ndizo jeni ambazo mazingira huzijaribu zaidi.

Kumbukumbu ya safari za wanadamu

Kwa kuwa bakteria huyu hupokezanwa hasa ndani ya familia, mabadiliko yake yamehifadhi historia ya wale waliombeba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba tofauti za urithi miongoni mwa bakteria hawa hupungua kadiri tunavyokwenda mbali na Afrika Mashariki, kama vile zinavyopungua tofauti za urithi miongoni mwa wanadamu wenyewe. Watafiti walikadiria kwamba bakteria hao walianza kuenea kutoka Afrika Mashariki pamoja na watu miaka 58,000 hivi iliyopita.

Mwaka 2016 wanasayansi walitangaza kwamba wameisoma DNA ya bakteria huyu kutoka tumboni mwa maiti iliyohifadhiwa na barafu katika milima ya Alps kwa muda wa miaka 5,300. Bakteria wake walifanana zaidi na wale wanaopatikana leo Asia ya kati na ya kusini kuliko wale wa Ulaya ya sasa, ambao ni mchanganyiko wa koo mbili, mmojawapo ukiwa na asili ya Afrika. Yaelekea basi kwamba sehemu kubwa ya kuchanganyika huko ilitokea baada ya mtu huyo kufa.

Dawa na usugu

Sasa tuje kwenye jambo linalotugusa hospitalini na nyumbani. Mgonjwa aliyethibitishwa kuwa na bakteria huyu hupewa dawa ya kupunguza asidi pamoja na viuavijasumu viwili au zaidi kwa wakati mmoja, aghalabu kwa siku 10 hadi 14. Wagonjwa wengi hujiuliza: kwa nini dawa nyingi hivyo, na kwa nini siku zote hizo, ilhali maumivu yamekwisha siku ya nne?

Msomaji aliyefuatana nasi hadi hapa anaweza kujibu mwenyewe. Dawa iitwayo klarithromaisini humuua bakteria kwa kuizuia ribosomu, yaani kiwanda chake cha protini. Lakini herufi moja tu, A ikigeuka kuwa G mahali maalumu katika jeni ya ribosomu, dawa haishiki tena. Katika kundi la mamilioni ya bakteria wanaokosea kila mara, si ajabu mmoja kuwa na kosa hilo hata kabla ya mgonjwa kumeza kidonge cha kwanza. Dawa haikuutengeneza usugu huo; imeuteua tu. Wenzake wote wanapokufa, yeye hurithi tumbo zima. Ndiyo sababu dawa ya pili hutolewa pamoja na ya kwanza: ni vigumu sana bakteria mmoja kuwa na makosa yote mawili yanayohitajika kwa wakati mmoja. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliwataja bakteria hawa wenye usugu wa klarithromaisini miongoni mwa vijidudu vinavyohitaji dawa mpya kwa haraka.

Metronidazo nayo ina somo la pekee. Dawa hii imezoeleka sana kwa kutibu amiba na magonjwa mengine. Lakini mtu anayeimeza kwa ajili ya amiba huwamezesha pia bakteria wa tumboni mwake, bila yeye kujua kuwa wapo. Akinunua vidonge vichache dukani kila anapoumwa tumbo, akimeza kwa siku mbili na kuviweka vilivyobaki au kumpa jirani, anaendesha uteuzi wa asili kwa mikono yake mwenyewe. Siku atakapougua vidonda, dawa hiyo huenda isimfae. Na kwa kuwa bakteria huyu hupokezanwa nyumbani, usugu alioulea baba au mama huweza kuwa urithi wa mtoto.

Zoezi la darasani

Walimu wanaweza kulionyesha jambo hili bila maabara. Weka mezani punje 96 za mahindi, ziwe bakteria wa kawaida, na punje 4 za maharage, ziwe bakteria wenye usugu wa dawa ya kwanza. Usugu ni asilimia 4.

Kwanza tumia dawa moja. Kila siku ondoa nusu ya mahindi, maharage usiyaguse. Baada ya siku tatu mahindi yatakuwa 48, kisha 24, kisha 12. Mgonjwa akiacha dawa hapo, kundi lina punje 16, na 4 kati yake ni maharage: usugu umefika asilimia 25. Acha kundi lizaane hadi litimie punje 100 kwa uwiano huo huo, yaani mahindi 75 na maharage 25, kisha urudie tiba ile ile. Wanafunzi waandike matokeo na kuchora grafu.

Halafu tumia dawa mbili pamoja. Dawa ya kwanza huondoa nusu ya mahindi. Ya pili huondoa nusu ya kila kilichobaki, mahindi na maharage. Siku ya kwanza yatabaki mahindi 24 na maharage 2; siku ya pili mahindi 6 na harage 1. Atakayeacha siku hiyo ataona nafuu kubwa, kwa kuwa punje 93 kati ya 100 zimekwisha. Lakini katika punje 7 zilizobaki moja ni sugu, yaani zaidi ya asilimia 14. Atakayeendelea siku mbili zaidi, akipuuza nusu punje, hatabakiwa na kitu.

Mfano huu ni mwepesi kuliko hali halisi, wala hautoi kipimo cha dawa kwa mgonjwa. Hilo ni kazi ya daktari. Lakini unatosha kumwonyesha mwanafunzi kwamba kuona nafuu na kupona ni mambo mawili tofauti. Baada ya zoezi, wanafunzi wajadili maswali yafuatayo:

1. Kama bakteria hawa wangekuwa na vifaa kamili vya kusahihisha makosa ya DNA, wangepata faida gani, na hasara gani?

2. Kwa nini mtu mwenye koo mbili za bakteria tumboni huenda akawa mgumu zaidi kutibu kuliko mwenye ukoo mmoja?

3. Katika nyumba zenu, ni dawa gani zilizobaki kabatini kutokana na tiba ambazo hazikumalizwa, na zilikuwa za ugonjwa gani?